Weusi Unaoanzia Mgongoni

Niliondoka Butembo kwa ukaidi wangu tu. Ulikuwa wakati wa maasi, miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu wa misheni kwamba wataona kwa macho yao jinsi chura anavyopata rangi. Madimbwi ya kwetu yalikuwa yamekauka. Saidi, mfanyabiashara wa chumvi, alikuwa akiteremka Beni na lori lake, nikapanda.

Beni tulikuta joto na barabara tupu. Nililala mtaa wa Bungulu kwa mama yangu mdogo, Kavugho. Asubuhi, upande wa Mavivi, nilipata povu la mayai ya chura likining'inia kwenye tawi juu ya dimbwi. Viluwiluwi walikuwa wameshaanza kudondoka majini, weupe kabisa. Nikawatia kwenye chupa.

Mama mdogo alipoiona alishika kichwa. “Mwana wangu, siku hizi mutu hapana kubeba maji mu njia. Batakuua!”

Waasi walinyunyiziwa maji ya mganga wao kabla ya vita ili risasi zisiwadhuru, na maji ya mgeni waliyaona kuwa dawa ya adui. Nililijua hilo. Hata hivyo niliificha chupa ndani ya koti, tukaondoka na Saidi kurudi Butembo.

Tulipokaribia Maboya tulikuta gogo limelazwa njiani na waasi wenye mikuki. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu, aliiona chupa ikichomoza kotini lakini hakuigusa, kwa kuwa alikatazwa kugusa kitu cha mtu asiyenyunyiziwa.

“Ile maji ni ya nani?”

Niliitazama chupa. Tayari viluwiluwi walikuwa na chembe nyeusi mgongoni. Ningesemaje kwamba weusi unatembea wenyewe chini ya ngozi? Huo ndio ukweli, na ungesikika kama uchawi mtupu.

“Ni mboga yake ya kula, chef, mukubwa wetu,” Saidi akawahi.

“Bon, ni muzuri. Akule,” mkubwa akasema.

Nilikunywa maji yote, viluwiluwi wakipapatika kooni. Machozi yalinitoka. Wale waasi wakacheka, lakini mkubwa wao hakucheka. Alisogea karibu.

“Ile madoa nyeusi ku mugongo yao, inatoka wapi?”

Saidi alinikanyaga mguu ninyamaze. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali, na mimi ni mwalimu.

“Inaanzia ku mugongo,” nikasema, “inashuka mu mbavu, inaenda karibu na tumbo. Inatembea ndani ya ngozi.”

“Na ya mutu?”

“Ni vile vile. Inatembea mbele ya mutu kuzaliwa, mu tumbo ya mama.”

Aliutazama mkono wake, kisha akaugeuza akatazama kiganja, ambako weusi haukufika. Nilijua nimejiua mwenyewe.

“Mupite,” akasema polepole. “Mupite upesi, mbele ya mimi kubadilisha mawazo.”

Butembo niliingia bila chupa. Nilikuwa nimejifunza kwamba hofu haimzuii mtu kutaka kujua, iwe yangu au ya yule mwasi. Kesho yake darasani nilimchora kiluwiluwi ubaoni, nikaanza kutia nukta kutoka mgongoni kwenda chini. Zilitawanyika vizuri ajabu, wanafunzi wakanisifu. Sikuwaambia kwamba zilitawanywa na mkono ambao ulikuwa haujaacha kutetemeka tangu Maboya.