Karatasi ya Tatu Bafuni kwa Kinuyo

Bi Kinuyo Hatazawa aliwapikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na moja, na picha zake akizisafisha katika chumba cha giza cha shule hiyohiyo. Sasa jiko na chumba vyote vimefungwa. Lakini maonyesho ya mtaa wetu hapa Matsumoto yalikuwa yanafunguliwa kesho yake, na mwisho wa kupokea picha ni saa kumi na mbili jioni siku hiyohiyo. Basi akahamia bafuni kwake.

Mimi, mpangaji wa chumba cha juu, ndimi niliyekuwa kibarua. Tuliziba dirisha kwa blanketi, tukawasha taa nyekundu. Mashine ya kukuzia picha ilikaa juu ya mashine ya kufulia. Sinia tatu za dawa ya kusafishia picha zilikaa juu ya kifuniko cha beseni la kuogea. Hata kitaa cha kijani cha kipasha maji, pale ukutani, alikibandika utepe mweusi.

"Giza nusunusu ni kama wali nusunusu," alisema. "Hauliki."

Karatasi kubwa za picha zilibaki tatu tu. Picha ni ya wapishi sita mbele ya sufuria kuu, siku ya mwisho ya jiko lao. Ya kwanza ikatoka ya kijivu, aproni na sufuria rangi moja. Ya pili vilevile.

"Dawa imeharibika?" nikauliza.

"Nimeichanganya mchana huu. Nyuzi ishirini, kama inavyotakiwa."

Mlango ukagongwa. Mumewe, Tatsuo, anayemwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Nao, hao wenzako wa pichani hawajamaliza kuoga?"

"Bado wana masizi, mzee. Kaa hukohuko na jasho lako."

"Saa kumi na moja hii. Miaka arobaini naoga saa kumi na moja."

Nyayo zikaelekea jikoni. Punde kipasha maji, kwa sauti yake ya mwanamke mwenye adabu, kikatangaza kutoka ukutani kwamba beseni linajazwa. Maji ya moto yakaanza kunguruma chini ya sinia zetu. Kinuyo alikuwa amekisahau kitufe cha pili cha kipasha maji, kilichoko jikoni. Kidole cha mzee hakijawahi kukisahau.

Akashika sinia ya kwanza aiondoe, akaisikia ilivyo baridi mkononi. Akatumbukiza kipimajoto. Nyuzi kumi na tatu. Baridi ya Januari ilikuwa imeilaza dawa.

"Na mimi mpishi," alisema polepole, "nisiyegusa sufuria."

Tukangoja mvuke wa chini uipashe hadi ishirini. Karatasi ya mwisho ikazama. Sufuria ikaja kwanza, nyeusi tii. Kisha aproni, nyeupe. Kisha nyuso sita, kila moja na mikunjo yake.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano tulikuwa ukumbini. Karani akashika kalamu aandike kibandiko.

"Kinuyo Hatazawa, mpishi," mwenyewe alimwambia. "Imesafishwa bafuni kwake."

"Mpishi, au mpiga picha?"

"Mpishi. Picha wataiona wenyewe."

Tatsuo alikuwa nyuma yetu, taulo bado shingoni. "Na aliyejaza maji je?"

"Huyo hajaoga," Kinuyo alimwambia karani. "Asiisogelee."