Mulango wa Monastère Wenye Haukuulizaka Jina

Wakati wetu, sisi benye tulikulia pembeni ya monastère, nyumba ya batawa ba Katoliki, kule nyuma ya Mavivi, tulijua saa bila kuwa na saa. Kengele ya bale batawa, ba-moine, ikilia, mama anaweka jembe chini. Ikilia tena, maharagi inatoka ku moto. Sisi tulikuwa Baprotestanti, lakini matofali ya ile kanisa yao, Babu yetu ndiye aliyachoma pamoja nao, nao bakatuachia shamba chini ya miti ya kalitusi. Koko, muke wa Babu, alikuwa anasemaka: "Njaa haiulizake unasalia wapi."

Utamu wote ulikuwa ku mulango. Ba-moine ba Benedikto biko na desturi: mugeni akigonga, mulinzi wa mulango anajibu "Mungu ashukuriwe!" hata hajaona ni nani. Hapana kuuliza jina. Anafungua, basi. Mulinzi alikuwa Frère Kasereka, mutawa muzee wa kicheko. Tukitoka masomo na mipira yetu ya majani ya ndizi, tunagonga, tunakimbia kujificha.

"Mungu ashukuriwe!" Anafungua, anaona njia tupu. "Mungu ashukuriwe hata kwa nyani!"

Tunakufa na kicheko, na yeye anatugawia mukate wa moto, wenye kunuka moshi ya kuni. Batoto ba leo banacheza mupira mu telefone. Jasho yao iko ku kidole tu.

Kisha bauaji bakaanza kukata batu mu mashamba. Ba-moine bakaweka mulango wa chuma. Hatukuona ubaya, kila mutu alikuwa anaogopa.

Muchana moja tulikuwa tunavuna maharagi, masasi ya bunduki ikalia karibu. Koko akanishika mukono, tukakimbilia ku monastère. Babu alikuwa nyuma yetu, muguu wake ulikuwa unamuuma. Koko akagonga. Hapana "Mungu ashukuriwe!" Kisha sauti ya Frère Kasereka, inatetemeka:

"Ni nani?"

Koko akarudi nyuma kama mutu amechomwa na moto. "Ba-moine hawaulizake," akaninong'oneza. "Adui bameshaingia. Banamulazimisha kusema." Hakujibu. Akanivuta mu pori. Basi ndani nao, bakisikia mutu hajibu, bakajua ni bauaji. Mulango haukufunguka.

Babu alifika ku mulango nyuma yetu. Yeye hakupata hata kugonga. Bauaji bakamukuta chini ya ule ukuta wa matofali yake, bakamuua pale.

Tulikimbilia Butembo. Baada ya miezi, Frère Kasereka akakuja kututafuta. Akaketi, kofia mu mikono, hakukunywa hata chai.

"Mama, mbona haukusema jina yako?"

"Na wewe, Frère, mbona uliniuliza?"

Balilia bote babili, kila mutu akitazama kwake.

Leo nyumba yetu ya Butembo iko na kufuli tatu. Bado ninaota kurudi kupanda maharagi kule, na batoto ba dada yangu bananicheka. Nikibaelezea ule mulango, banashangaa: "Kufungulia mutu mwenye haujui? Ule ni bujinga!"

Siku moja niligeukia Koko, nikingoja abagombeze, kama bakubwa ba zamani balivyotugombezaka.

Aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. "Biko na haki," akasema.