Udongo wa akwariamu ya baba: samaki walihema, yeye akasimama

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema. Nauza vitenge hapa mjini. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Baba yangu alipooza upande mmoja, maneno yanamtoka kwa shida. Kinachomtuliza ni akwariamu, sanduku la kioo lenye samaki na majani ya mtoni, pale sebuleni.

Majani yakaanza kuwa manjano. Nikasoma humu kwamba yanataka udongo chini, mchanga juu.

Kaka yangu Saidi anachimba dhahabu Salamabila. Akaleta mfuko wa udongo kwa pikipiki.

"Angalia vile iko mweusi," akasema. "Majani itashiba."

"Yaya, huko munasafisha zahabu na mercure," nikamwambia kaka, yaani zebaki. "Hiyo ni sumu. Usiweke kwa samaki ya baba."

Akaondoka bila kunywa chai. Mpaka leo simu zangu hapokei.

Nikaomba kwa shangazi yetu wa Wamaza udongo wa shamba lisilotiwa mbolea wala dawa. Nikauchekecha, nikatoa mizizi, nikauloweka na kumwaga maji yake mara kadhaa. Nikatandaza tabaka jembamba, juu nikafunika na mchanga wa mto uliooshwa vizuri.

Maji yakawa rangi ya chai. Samaki nikawaweka kwenye ndoo uani, wasubiri.

Baba hakutulia. Anagonga kioo kwa kidole: "Wako wapi?" Nikimjibu, baada ya muda anagonga tena.

Siku moja narudi kutoka sokoni, namkuta baba amesimama. Ameegemea ukuta, kikombe mkononi, anatoa samaki kwenye ndoo uani anawarudisha kwenye akwariamu sebuleni mmoja mmoja. Tangu augue hakuwahi kwenda popote bila kushikwa.

Wakuu, nilishindwa kumkataza.

Kulipokucha samaki wote wako juu ya maji, midomo wazi. Mapovu yanapanda kutoka chini, harufu ya yai bovu. Nikawatoa mbio. Mmoja alikuwa ameshakufa. Baba alimshika kiganjani.

Nikachomachoma udongo kwa kijiti ili hewa mbaya itoke, nikawa nabadilisha maji kila siku. Harufu ilipokatika nikatia samaki mmoja kwanza, nikamwangalia. Alipokula vizuri, wenzake wakafuata.

Nilichojifunza: jua udongo wako umetoka wapi, na usitie samaki mpaka udongo utulie, hata kama unayempenda anakuhimiza.

Majani sasa yamekolea kijani. Ila baba hakai tena. Kila asubuhi anashika ukuta anaenda uani kutazama ndoo tupu, mimi nyuma yake, roho mkononi.

Wenye uzoefu, mchanga wa juu mnauweka unene gani? Na aliyewahi kuuguza mzazi aliyepooza aniambie: nimshike, au nimwache atembee?