Nilivunjwa mguu na tiara nililojishonea, na kurudi kulirusha kulinishinda kiangazi karibu chote

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi.

Naanza na kosa. Nilifunga fundo la tumbaku mahali pasipotakiwa fundo la tumbaku. Yote yaliyofuata yalianzia hapo. Sitaongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Niko Katavi, nje ya Mpanda, upande wa Katumba. Nyumbani tunalima mahindi na tumbaku. Kiangazi cha mwaka juzi niliona video za watu wanacheza power kite, yaani tiara kubwa linalomvuta mtu mzima ufukweni.

Sisi bahari hatuna. Ila tuna mashamba yaliyovunwa, mapana, na upepo wa mwezi wa saba unaoezua mabati.

Nikajifundisha mwenyewe. Kitambaa nilikipata kwenye miamvuli mibovu, cherehani ni ya mama. Mshono ukipinda kidogo tu, naufumua wote naanza upya. Ndivyo nilivyo, sijisifu.

Sasa lile fundo. Aliyelima tumbaku analijua. Ndilo tunalofungia majani kwenye fito kabla ya kuyapandisha kwenye bani yakaushwe. Majani yakikauka yanasinyaa, kwa hiyo fundo lenyewe kadiri linavyovutwa ndivyo linavyozidi kukaza. Nimelifunga tangu utotoni. Nikishika kamba, mkono unafunga hilo bila kuniuliza.

Basi siku ya kuunganisha kamba za tiara na mkanda wa kiunoni, mkono ukafanya unachokijua. Na nililifunga vizuri sana.

Rafiki yangu Nestori, dereva wa bodaboda, ndiye aliyenishikia tiara upande wa pili. Likapanda. Likanivuta, mabuti ya mvua yanateleza juu ya mabua, mimi nacheka kama mwehu.

Halafu upepo ukaongezeka ghafla.

Nikaachia mikono. Haikusaidia kitu, maana kiuno kilikuwa kimefungwa. Nikawa nalikwaruza lile fundo kwa kucha huku naburutwa, nalo linakaza tu. Nikafika kwenye matuta. Mguu wa kushoto ukabaki kwenye tuta, mwili ukaendelea na safari.

Nilisikia mlio kama bua kavu linavunjwa.

Nestori alilifukuza tiara kwa pikipiki, akalirukia na kulilalia mwili mzima mpaka likakata pumzi.

Hospitali, hogo la plasta kuanzia kwenye unyayo mpaka juu ya goti, kitandani msimu mzima wa kupanda. Mama alilima peke yake. Siku moja akiniletea uji alisema, "Mwanangu, mwamvuli Mungu alileta wa kukinga mvua. Ukirudi kwenye hilo lidude, mguu wa pili utauuguza mwenyewe."

Mguu ukapona. Kichwa kikabaki.

Bati la jikoni likipigwa na upepo, mkono wangu ulikuwa unakwenda kiunoni wenyewe kutafuta fundo. Hata nikiwa nakula. Mama alikuwa anaona.

Mtanisamehe wale mtakaosema ningeachana nalo tu. Kwetu kiangazi chote ni upepo. Ningeachana na tiara, ningebaki naogopa nusu ya mwaka, kila mwaka, nyumbani kwetu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mguu.

Kiangazi kilichofuata nikatengeneza mkanda mpya. Safari hii kamba zinaingia kwenye kitanzi kinachoshikiliwa na pini ya chuma. Ukivuta kitambaa chekundu, pini inachomoka, tiara linakwenda zake. Nikaijaribu pini mezani mpaka meza ikachubuka.

Baada ya hapo nikagundua ubawa mmoja umezidi mwingine. Nikafumua. Nikashona. Nikafumua tena. Kiangazi kikawa kinaishia kwenye cherehani.

Nestori akaja akasimama mlangoni.

"Unashona au unajificha?"

"Ubawa huu umezidi upana wa kidole."

"Kwani linaenda kuolewa? Kaka, mvua zikianza tutarusha vyura."

Nilikasirika, wakuu. Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Kesho yake nikavaa mabuti. Sikumuaga mama, nilidhani yuko kisimani. Kumbe yuko nyuma ya nyumba.

"Unaenda," alisema. Hakuwa anauliza. Akachukua kanga yake. "Nakuja. Safari hii nataka nione mwenyewe, nisiletewe habari."

Akakaa kwenye tuta pembeni ya shamba, mgongo umenyooka kama yuko kanisani.

Nikafunga mkanda. Nikakagua pini. Nikakagua tena. Mguu uliopona ulikuwa unatetemeka peke yake, ule mwingine umetulia. Ajabu sana kuona mguu wako mwenyewe unakukana.

"Nirushe?" Nestori, tiara kalinyanyua juu ya kichwa.

"Subiri."

"Nirushe?"

"Subiri bwana!"

"Mama, mwanao ananichosha mikono!"

"Mwache asubiri," mama akajibu. "Upepo hauishi."

Nikasema rusha.

Likapanda. Kamba zikakaza, kiuno kikavutwa, vumbi likaanza kukimbia chini ya mabuti. Nikapumua. Nikafika katikati ya shamba, nikaanza hata kutabasamu.

Ndipo nikakiona kisulisuli kinatoka upande wa boma la ng'ombe la jirani, kinazungusha mabua hewani. Kikalikumba tiara. Likanivuta kwa nguvu ileile ya mwaka juzi, na mbele yangu kulikuwa na matuta yaleyale.

Mkono ukaenda kiunoni. Ukakishika kitambaa chekundu.

Ukaganda.

Nitasema ukweli hata kama mtanicheka. Sikuwaza kifo, wala mguu. Niliwaza kwamba nikiachia, litaangukia kwenye ile miiba ya boma na mishono yangu yote itachanika.

Nestori anapiga kelele, sielewi anasema nini. Mama Kiswahili kilimtoka kabisa, anapaza sauti kwa Kirundi cha kwao, "Rekura! Rekura!" Achia, achia.

Nasikia, na mkono haufungui. Pini nilikuwa nimeijaribu mezani, kamba zimelegea, nimekaa kwenye kiti. Kuachia kitu kinachonivuta, mkono wangu ulikuwa haujawahi. Ulifundishwa kufunga tu.

Tuta la kwanza likanigonga kidole gumba cha mguu.

Nikavuta.

Kamba zikapita usoni kama nyoka, mimi nikakaa chini kwa makalio. Tiara likaelea kidogo, likatua kwenye miiba. Sauti ya kuchanika ilifika mpaka nilipokuwa.

Mama alikuja mbio. Hakunishika mimi, alishika mguu. Akaupapasa kuanzia goti mpaka chini, akaurudia. Kisha akatazama kule bomani.

"Limechanika."

"Ndiyo, mama."

"Afadhali lenyewe."

Nestori akaanza kucheka, nami nikacheka, halafu nikalia kidogo. Mama akasubiri nimalize. "Lileteni nyumbani. Nitashona mimi. Wewe ukishika sindano mvua zitatukuta."

Akalishona jioni ileile, mshono umepinda vibaya mno katikati, kama njia ya kwenda Mwese. Linaruka vilevile.

Nililojifunza ni kwamba maandalizi yangu mengi yalikuwa hofu iliyovaa nguo za kazi. Nilikagua kila kitu isipokuwa kile kimoja nilichokiogopa.

Waliowahi kurudia kitu kilichowavunja, iwe pikipiki, mpira au kupanda miti, nyie mlianzaje? Na mafundi mtakaoona kasoro kwenye ile pini yangu, nikosoeni bila huruma.

Hofu haijaisha. Bati likilia bado nashtuka. Ila siku hizi kila nikifika shambani, kabla ya kitu kingine, naliacha tiara lipande, linivute kidogo, halafu naliachia lianguke. Ndipo naanza.