Keria ya Baiskeli ya Hajati

Nilitoka Tanga kwa basi, nikalala Mombasa, nikakaa kitini siku nzima mpaka Nairobi, na siku ya tatu nikavuka mpaka wa Malaba kwa miguu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyenifukuza nyumbani. Nilisikia tu kwamba Jinja kuna karakana inayotengeneza baiskeli za zamani, zile nzito za breki za fimbo, nikaondoka kama nilivyokwisha kuondoka Moshi na Lushoto.

Siku ya kwanza kazini mwenye karakana, Kalasinga mzee aliyefunga miwani yake kwa waya, alinikabidhi spana na rundo la keria. Kwa ninyi mliokulia kwenye pikipiki, keria ni kile kichanja cha chuma cha kubebea mzigo nyuma ya kiti.

"Mteja akija utamuuliza nini?"

Nilijibu kwamba nitamuuliza anataka keria gani.

"Hapana, bwana. Yeye hajui. Muulize inabeba nini."

Kazi yote ilikuwa humo. Keria ya mkaa ni pana, ina miguu minne ya nondo, na inakazwa kwenye ekseli kwa nati zake yenyewe. Ya maziwa ni nyembamba, ina vizuizi pembeni ili makopo yasiteleze. Ya abiria ni fupi, ina mto wa kukalia, na chini kuna vikanyagio viwili ili miguu ya mtu isiingie kwenye spoku. Baiskeli ya zamani ina udhia wa ziada. Madigadi yake, yale mabati ya kukinga tope, ni mapana, kwa hiyo miguu ya keria mpya huyagusa na kupiga kelele njia nzima. Tulikuwa tunaikata na kuikunja upya, mmoja mmoja, na bolti ya kiti hatukuilazimishia nati ya kisasa hata siku moja, maana uzi wake ukifa umekufa.

Nilifanya kazi hiyo Jinja miaka saba. Nilipofungua mdomo, wateja walikaa wima kidogo. Kiswahili changu kiliwakumbusha wanajeshi, maana Uganda hiyo ndiyo lugha ya jeshi. "Ndiyo, afande," walinitania, kisha wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kisoga. Jumapili nilitembea mpaka mtoni, nikayaangalia maji yakienda, nikarudi chumbani. Sikulaumu mtu.

Ndipo mzee akanituma Mbale, kwenye karakana moja ya mtaa wa Namatala iliyonunua keria zake, nikawafungie na kuwafundisha. Ilikuwa kazi ya wiki mbili. Nilikaa miaka minne.

Karakana ilikuwa ya Hajati, mjane wa Kinubi aliyenizidi miaka michache. Babu zake waliletwa kama askari kutoka Sudani, na Kiswahili kilikuwa cha nyumbani kwao. Alikuwa mtu wa kwanza Uganda kuniita Rajabu. Kazini alikuwa mkali: "Rajabu, hiyo nati umekaza au umeibembeleza?" Saa saba mchana tulikula pamoja, yeye, mimi na Masaba, fundi wa magurudumu, na kwa nusu saa hiyo nilisahau kwamba chumba changu kule mtaa wa Nabuyonga kilikuwa na kikombe kimoja.

Mwaka wa nne Hajati alitoa stoo baiskeli ya marehemu mumewe. Nyeusi, ya breki za fimbo, haikuwa na keria.

"Ichagulie," aliniambia. "Chagua kama yako."

Nilifurahi kama mtoto. Siku tatu nilipima na kukunja. Niliipa keria ndefu ya mizigo, nondo tupu, miguu minne, haigusi madigadi hata barabara ikiwa na mashimo. Sijapata kufunga keria nzuri kuliko ile. Hajati aliizunguka polepole, mkononi ana mto mdogo wa kitambaa cha bluu alioushona jioni zile. Nilidhani ni wa kiti chake cha dukani.

"Imara," alisema. "Na mimi miguu yangu nitaiweka wapi?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Aliingia ndani na mto wake.

Masaba aliitupa spana. "Wewe bwana, iko na kichwa ya jiwe! Mama anakupa baiskeli ya bwana yake, anasema chagua kama yako, wewe naweka keria ya mkaa? Alitaka umbebe yeye! Mji yote ione!"

Miaka kumi na moja nilimuuliza kila mteja inabeba nini. Yeye sikumuuliza.

Vikanyagio vilikuwepo kwenye kopo, jozi nne. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nilivishika, nikafikiria nyumba, majirani, na kukaa mahali pamoja mpaka nizikwe hapo. Nikavirudisha. Nilijiambia nitavifunga kesho, na kesho yake nikajiambia vivyo hivyo. Kuanzia wiki ile Hajati aliniita fundi. Chakula cha mchana aliniletea Masaba.

Baada ya miezi miwili niliaga. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Hajati nje, na baiskeli ameiegemeza ukutani.

"Ichukue, fundi. Hapa hakuna wa kuipanda."

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikauweka mkoba wangu juu ya keria na kuanza kuufunga kwa vipande vya mpira. Ulienea kabisa. Baiskeli iliyumba, naye akaja nyuma akaishika keria kwa mikono miwili mpaka nilipokaza fundo la mwisho na kupanda kitini, mguu mmoja bado chini.

"Tayari, Hajati," nilisema.

Alichelewa kuachia, nami sikugeuka nyuma.