Fundi Nasreen na Treni ya Kahawa

Ukitaka kugombana na Nasreen, mwambie kitu chako hakitengenezeki. Mimi Kijakazi, muuza vifungo, zipu na nyuzi hapa Mtaa wa Mchikichi, nimekaa naye kibaraza kimoja muda mrefu, na nakwambia sijaona mtu mbishi kama yule. Meza yake ya ufundi wa simu na meza yangu zimegusana. Skrubu zake ndogo kila siku zinaingia kwenye makopo yangu ya vifungo, nikimrudishia ananiambia nilitaka kuziuza.

Kwao ni Waarabu wa siku nyingi hapa mjini, wana duka la udi na manukato. Baba yake alitaka akae kaunta, avae vizuri, awachekee wateja. Nasreen akakaa kidogo tu, mara akaifungua mizani ya dukani aone inapimaje. Mizani ilipona, yeye akatimuliwa. Ndivyo alivyoangukia kwenye ufundi. Wanaume wa mtaa huu walimcheka weee, mpaka walipoanza kumletea kimya kimya simu zilizowashinda.

Ila ana kasoro, na siwezi kumfichia eti kwa sababu ni jirani yangu. Ana haraka! Mafundi simu wote wa Kariakoo wana ugonjwa huo. Simu ikiletwa inasumbua, hawaulizi kitu, wanaiflashi. Yaani wanafuta kila kilichomo, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Mara nyingi inapona hapo hapo na mteja anashukuru. Picha za harusi zimepotea? Pole, mama, utapiga nyingine.

Basi bwana, asubuhi moja akaja Muaz. Huyu ni mtoto wa Bi Nunu wa Gerezani, mtu mzima na kazi yake ya ofisini Posta. Kabeba kitu kizito kimefungwa kwenye kanga. Alipofungua, toba! Injini ya treni. Ni ya kuchezea, lakini siyo hizi za plastiki za watoto. Ndefu toka kiwiko changu mpaka vidoleni, ina taa, ina ngazi, ina honi. Na pamoja nayo rimoti na kipande cha reli.

"Ya marehemu mzee," Muaz akasema. "Tangu tumzike imegoma kutembea. Inastuka, inasimama. Mama anaitaka itembee, da Nasreen. Hana analolitaka lingine."

Hashimu, baba yake, alikuwa dereva wa treni ya kweli, ya masafa, mpaka mguu ulipomkatalia. Ndugu yake aliyeko Ujerumani ndiye aliyemletea hii aliwaze moyo. Sote tulijua kwamba Hashimu ana treni ndani, na tulimsema sana. Mtu mzima na ndevu zake anacheza treni!

Nasreen akasoma kwenye simu yake, kisha akanieleza, maana nilimsumbua mpaka akanieleza. Ndani ya injini kuna chipu inaitwa dikoda. Reli zinabeba umeme na amri kwa pamoja. Dikoda inasikiliza: amri ikiwa na namba yake inatii, ikiwa ya injini nyingine inanyamaza. Na humo humo ndimo zinamokaa setingi, yaani iondoke kwa upole au kwa kishindo, isimame ghafla au ijivute, honi ilie vipi.

"Setingi zimevurugika," akasema.

"Muulize kwanza mwenyewe zilikuwaje," nikamwambia.

"Da Kija, wewe uza vifungo."

Akaiflashi. Injini ikazimika kabisa, ikawa haiitiki hata kwa namba ya Hashimu iliyokuwa kwenye rimoti. Nasreen akacheka, akasema imerudia namba ya kiwandani, akaitafuta, akaipata, akairudishia namba ya Hashimu. Ikaitika, lakini bado inastukastuka. Hapo ndipo alipoigeuza miguu juu. Magurudumu meusi tii! Akayapangusa kwa spiriti, akaiweka relini, ikakimbia kama imetishwa.

"Kumbe ulikuwa uchafu tu," nikasema. "Sasa setingi za watu ulizifutia nini?"

Akaanza kufuta meza isiyo na vumbi. Na Nasreen akifuta meza, ujue neno limemwingia.

Muaz akaichukua, akaondoka na furaha. Kabla ya adhuhuri akapiga simu. "Dada, mama analia. Anasema umemletea treni ya mtu mwingine."

Nasreen akafunga meza. Mimi nikafunga yangu, nani angebaki? Nikajisema naenda kutoa pole, na pole nilitoa kweli, lakini roho yangu ilikuwa juu juu kutaka kujua. Tukaenda Gerezani kwa miguu. Njiani akaniambia Muaz asingeweza kumpeleka fundi mwanaume nyumbani. Bi Nunu anakaa eda. Hatoki, wala haketi na wanaume wa kando. Kwa hiyo ama Nasreen aifufue ile treni, ama ibaki hivyo hivyo.

Tulimkuta Bi Nunu kakaa mkekani na nguo zake nyeupe. Nyumba nzima inanukia ubani. Reli zimelazwa sakafuni, zinatoka jikoni, zinafuata ukuta wa ukumbini, zinaishia sebuleni mbele ya kiti cha Hashimu.

"Shikamoo, Bi Nunu. Pole kwa msiba," Nasreen akasema.

"Marahaba. Ndiye wewe fundi?" Hakumwangalia. "Hebu iwashe uone ulichonifanyia."

Nasreen akaiwasha. Injini ikachomoka jikoni na behewa lake bapa nyuma, ikapita ukumbini mbio, ikafika sebuleni ikasimama ghafla, behewa likapigwa kikumbo.

"Umeona? Hiyo ni ya Hashimu hiyo?"

Nasreen akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye reli. Kidole kikawa cheusi. Moshi wa ubani wa matanga na vumbi la mjini, na mwenye kuzifuta reli kila siku ndiye huyo tuliyemzika. Kumbe maradhi yenyewe yalikuwa hayo, kitambaa kingetosha.

"Bi Nunu, nimekukosea," akasema. "Ilikuwa chafu tu. Mimi nikaharakisha, nikazifuta setingi alizozipanga marehemu. Zimepotea, siwezi kuzirudisha."

Wallahi sikuwahi kumsikia Nasreen akisema amekosea. Bi Nunu akamgeukia.

"Ulimwuliza nani? Eh? Nguo zake nimezitoa sadaka. Sauti yake sina. Mkono wake ulibaki humo tu, na wewe umeufuta! Ondoka kwangu!"

Mimi nilishasimama. Nasreen hakusimama. Nilikwambia ni mbishi.

"Nitaondoka," akasema. "Lakini nieleze kwanza ilikuwa inakwendaje. Nitaipanga upya."

"Mimi najua namba zenu?"

"Sitaki namba. Niambie ulichokuwa unakiona."

Bi Nunu akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akaanza kusema taratibu. Mguu ulipomkatalia Hashimu, akawa hawezi kwenda jikoni, na hakupenda kuhudumiwa kama mgonjwa. Basi kila alasiri Bi Nunu akimaliza kupika kahawa anajaza kikombe, anakitua juu ya lile behewa. Hashimu, kiti chake kule sebuleni, anaiita treni. Kahawa inakwenda yenyewe. "Na haimwagiki hata tone," akasema. "Mwanzo ilikuwa inamwagika, nikamwambia, Hashimu, utanichafulia nyumba! Akaikalia miaka anaipunguza mwendo na kuipunguza, mpaka ikatulia."

Nasreen akanitazama mimi. "Da Kija, lete kikombe, kijaze maji."

Weee, siku ile nilifanya kazi! Kwanza tukasugua reli zote. Kisha Nasreen akashika rimoti, akaipangia dikoda iondoke kwa upole. Ikaondoka vizuri, ikafika kwenye kona ya ukumbini, maji chwaa. Akapunguza mwendo wa juu. Kona ikapita, iliposimama ikamwaga. Akairefushia breki, ikapitiliza kituo, ikagonga mguu wa kiti. Mimi na tambara langu nyuma nyuma, kanga imelowa, mgongo unauma, namlaani kimoyomoyo.

Bi Nunu alikuwa kakaa kwa hasira, lakini hasira ikamshinda. "Hapo mlangoni ilikuwa inaita kwanza," akasema. Nasreen akaiwekea honi mlangoni. "Siyo kali hivyo. Hashimu alikuwa anasema kichwa kitaniuma." Nasreen akaishusha. "Na ilikuwa inachelewa zaidi ya hapo."

"Inachelewa kiasi gani?"

"Nitajuaje? Naweka kikombe, nasema bismillahi, naosha birika, nafuta meza, ndipo namsikia kule anasema, tamu, Nunu."

"Basi twende ukaoshe birika," Nasreen akasema.

Na akaenda! Bi Nunu aliyekuwa hataki kutuona akajifunga kanga kiunoni, akaosha birika, akafuta meza, na treni ikaondoka jikoni. Mara ya kwanza ilifika birika bado lina povu. Nasreen akaipunguza. Bi Nunu akaosha tena. Akaosha lile birika mpaka nikaogopa litatoboka. Mwisho akafuta meza, akatundika kitambaa, na kule sebuleni injini ikasimama polepole mbele ya kiti. Sisi tukakimbia kukitazama kikombe. Maji yamejaa pomoni, na behewa kavu.

Bi Nunu akaweka mkono kifuani. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo yenyewe."

Akalia, na Nasreen akalia. Mimi nikalia kwa sababu wao wanalia.

Bi Nunu akapika kahawa basi, kahawa ya kweli, ya tangawizi. Alipotaka kuituma akasita, maana kule sebuleni hakuna wa kuipokea. Nasreen akamshika mkono. "Kaa wewe kwenye kiti. Mimi nitakujazia." Bi Nunu akakataa, akakubali, akakataa tena. Kisha akaketi kwenye kiti cha mumewe, mimi nikamwonyesha kitufe cha kuiita.

Nasreen akajaza, akatua kikombe. Treni ikaja. Iliita mlangoni kwa sauti ndogo, ikajivuta ukumbini bila haraka yoyote, ikapinda kona kwa heshima zake zote, ikasimama miguuni pake. Haikumwaga hata tone. Bi Nunu akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja.

Akakishusha kikombe. Nikadhani amezidiwa.

"Imepoa," akasema.

"Nini, Bi Nunu?"

"Kahawa. Imefika imepoa." Akaitazama treni, akakitazama kikombe. "Miaka yote hiyo nampelekea kahawa iliyopoa. Na yeye ananiambia tamu, Nunu. Kila siku, tamu, Nunu!" Akaanza kucheka, machozi yanamtiririka, anajipiga paja. "Ewe Hashimu! Mwongo mkubwa we!"

Akainywa yote, mpaka machicha. Kisha akampa Nasreen rimoti.

"Ongeza mwendo kidogo, mwanangu," akasema. "Mimi naipenda ya moto."