Siku Bibi Alipotafuna Senene

Juzi daktari wa meno hapa Bukoba alinitazama kinywani, akasema meno yangu ya juu yaliyobaki yang'olewe yote, niwekewe ya bandia. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nilipotoka nje nilimkumbuka Bibi.

Alinilea Muleba, kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Wewe uliyekulia huku unaujua msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa: tulikaa jikoni tukiwanyonyoa mbawa na miguu mpaka vidole vinateleza, kikaango kikitoa harufu ya kumtoa mtu udenda. Bibi alinyonyoa haraka kuliko sisi sote, lakini hakuonja.

"Waitu, jamani, ujana wangu wote senene walikuwa wa wanaume," alizoea kusema. "Sasa na sisi tumeruhusiwa, meno yamekwenda."

Wajukuu wenzangu walicheka. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimeanza kumchunguza akila: vipande viwili vya ndizi, maharage anayasukuma pembeni, kisha anajifuta mdomo kwa upindo wa khanga kama aliyeshiba. Bangili yake ilikuwa inapanda hadi karibu na kiwiko. Jirani yetu mzee alikonda hivyohivyo, tukamzika. Nikitoka shule nilikimbia, nikaanza kumwita nikiwa bado shambani, na asipoitika upesi niliita tena kwa sauti zaidi.

Shangazi alimpeleka Bukoba, Bibi akarudi na meno ya bandia. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe yalimchubua ufizi, akayatia kwenye kikombe, akawa anakula kidogo kuliko hata mwanzo. Kikombe kile nilikichukia.

"Siendi kuchongwa tena kama mpini wa jembe," alimwambia shangazi.

Shangazi akalia mbele yake, na sikuwahi kumwona mtu mzima akimlilia mwenzake hivyo. Ndipo Bibi akakubali kurudi yakarekebishwe.

Aliporudi alichukua senene mmoja kikaangoni. Sote tuliacha kunyonyoa. Jiko zima lilisikia anavyotafuna, polepole, kwa mashaka, kisha akachukua mwingine. Nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Bibi hayupo tena, shangazi hayupo, na jiko lile lilishabomolewa. Daktari anasema nisiwe na hofu, meno ya siku hizi yanakaa vizuri. Sikumwambia kwamba kule Buhembe naishi peke yangu. Nikishindwa kula, mezani kwangu hakuna mtu wa kuniogopea.